Kikombe cha Yaya

Goma, mangaribi

Kwako Yaya Anselme, kaka yangu mukubwa,

Ninakuamkia, wewe na huo muguu uliovunjika. Huku kuko baridi, na mulima wa moto umejifunika ukungu tangu asubuhi.

Tulianza mwaka tukiwa kumi katika ekipe ya kolezi, timu ya basket ya shule yetu. Goma tumefika watano tu, maana karibu kila mechi ilimulaza mumoja wetu. Uwanja wa ekipe ya huku tuliyocheza nayo umetandikwa makoro, yale mawe meusi ya volkano, na ukianguka yanakuchuna ngozi. Tulicheza mpaka mwisho bila mutu wa kutupumzisha. Walitushinda.

Kisha mama wa kapiteni wao, mufugaji wa Masisi, akatuletea maziwa. Hakuna aliyemwambia kama tuko watano. Alikwisha kumimina vikombe kumi.

"Wengine wako wapi?"

"Waliumia, Mama. Wamebaki nyumbani."

"Basi muwanywie. Maziwa ya mugeni hayarudi mu kibuyu."

Kila mumoja akakunywa chake, kisha akashika cha pili na kutaja jina la aliyebaki. Mimi nilitaja lako. Mama akaniuliza kama utacheza tena. Nilikumbuka kile munganga wa hospitali alituambia juu ya muguu wako, nikainamia kikombe na kukunywa polepole mpaka chini.

Usikanyagie muguu bure, Yaya. Mayo yako, ile jezi ya ekipe niliyoivaa, ninakuletea bila kuifua. Vumbi hiyo nyeusi ni ya Goma, na wewe ndiye ulitaka sana kufika huku.

Mudogo wako,
Déo