Mtendaji Alikuwa Ofisini

Jumatatu, 3 Februari 2025

Leo tumemzika Herieth, binti wa Protasi. Miaka sita. Jumanne iliyopita tulimzika mdogo wake, pale pale. Udongo wa kaburi la kwanza haujashikana, mvua inauchimbua. Wote wawili ni kuhara na kutapika, siku mbili basi. Protasi hakulia. Alisimama ameshika koleo kama mtu anayesubiri kuambiwa achimbe tena.

Nesi Dorothy wa zahanati aliomba nafasi akasema machache: chemsheni maji, msinywe ya ziwani hivi hivi, dawa ya kutibu maji ipo, njooni mchukue. Watu wakatazama chini. Nyuma yangu mtu akanong'ona kwamba maji haya walikunywa mababu, mbona hayakuwaua. Mwingine akamjibu kwa kutaja jina tu – Scholastica.

Bibi Scholastica anakaa peke yake, nyumba ya mwisho kuelekea kwenye miamba. Anabanika samaki. Macho yake ni mekundu kwa moshi wa miaka arobaini. Kosa lake ndilo hilo, na kuzika waume wawili.

Wakati wa kurudi Mwalimu Marselina akaniuliza tena habari ya vile vijitabu. Mwezi wa kumi na moja tulipelekwa Mbinga, semina ya haki za binadamu, siku tatu, watendaji wa vijiji ishirini na kitu. Tulipewa vijitabu, tukaahidi kufundisha kila kitongoji. Mimi nina vitongoji vitano. Sijakwenda hata kimoja. Boksi liko chini ya meza ya ofisi, nimelirundikia mifuko ya mbegu. Nikamjibu, mvua zikipungua, Mwalimu.

Jumatano, 5 Februari

Kikao cha halmashauri ya kijiji. Ajenda ilikuwa barabara. Hakuna aliyeongelea barabara.

Mwenyekiti Joakim akasema wananchi wamechoka kuzika, wanataka waitwe lambalamba. Wapo wawili, wako kijiji cha pili, wanafichua wachawi nyumba hadi nyumba. Ila hawaji bila barua ya kijiji yenye mhuri. Mhuri uko kwangu.

Nikasema sheria hairuhusu. Nilisema kwa sauti ndogo, nilijisikia mwenyewe. Joakim si mtu mbaya – aliuguza mke wake miaka mitatu, hakumwacha. Akanitazama kwa upole kabisa. Akasema, "Mtendaji, wewe ni mtu wa Ukata, wa milimani, wa kahawa. Huku ziwani hujazika mtoto."

Nikasema nitauliza kata. Sikuuliza.

Ijumaa, 7 Februari

Bibi Scholastica amekuja ofisini. Kavaa kitenge cha jumuiya, kama anakwenda misa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakataa kiti, akakaa kwenye gunia la mbegu.

"Mjukuu wangu," akasema, "nasikia wanakuja watu wa kunikagua. Nimekuja kuuliza kwa serikali. Mtu akiambiwa mchawi, kesi yake inasikilizwa wapi?"

Nikamwambia hakuna kesi ya namna hiyo.

"Basi nani ananitetea?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilijua jibu. Tulifundishwa Mbinga, nikaliandika kwa mkono wangu: anayetishiwa uhai alindwe, na ulinzi unaanza kwenye serikali ya kijiji. Ningeandika barua kwa polisi mbele yake, dakika tano. Badala yake nikamshauri aende kwanza kwa mwanae Notburga, kule Ruanda ya hapa Mbinga, mpaka mambo yatulie.

Akafikiri. "Nikiondoka si watasema nimekimbia? Halafu samaki wangu?"

Nikasema tutaona.

Akashukuru. Alinishukuru! Kwa lipi? Akanyanyuka kwa kushika meza, akaenda zake.

Jumapili, 9 Februari

Mkutano mkuu wa kijiji, uwanja wa shule, baada ya misa. Sijawahi kuona umati ule, hata wakati wa chanjo.

Mwalimu Marselina peke yake ndiye aliyesimama kupinga. Alisema mtu hana hatia mpaka mahakama iseme, na mahakama haina kipimo cha uchawi. Akasema bibi huyu ana haki ya kuishi kama sisi sote. Alisema mpaka akamaliza.

Joakim akajibu, na hakufoka. "Mwalimu, tumekuelewa. Haki za binadamu ni za binadamu. Anayekula watoto wa wenzake, huyo tumweke kundi gani?"

Watu wakacheka. Kicheko kile kilinitisha kuliko kelele.

Mtu akapaza sauti: Mtendaji anasemaje? Wote wakageuka. Nilikuwa na daftari la mihtasari mapajani. Nikasema, "Mimi leo ni mwandishi wa kikao."

Waliokubali wakanyoosha mikono. Sikuihesabu. Nikaandika "wengi". Jioni Joakim akaja na barua imeshaandikwa. Nikagonga mhuri. Nikatia sahihi.

Jumatatu, 10 Februari

Nimeondoa mifuko, nimefungua boksi. Panya wamekula pembe za vijitabu vya juu. Nimesoma kimoja chote nimesimama. Kurasa kumi na sita. Maneno mepesi, herufi kubwa, picha. Ningeweza kukisoma mbele ya watu kwa saa moja na bado tukabaki na muda wa maswali. Miezi mitatu!

Nimempelekea Marselina boksi lote shuleni. Hakunilaumu. Aliuliza tu lambalamba wanafika lini. Nikamwambia Jumatano.

Jumanne, 11 Februari

Marselina alikwenda zahanati mchana, siku ya kliniki, akawasomea kijitabu kina mama waliokuwa kwenye foleni. Dorothy amenisimulia. Walikuwa kumi na wawili hivi. Vitalia alikuwepo – mke wa Protasi, mama wa wale watoto – amekuja kuchukua dawa ya maji. Alikaa mwishoni, kajifunika khanga mpaka puani. Hajui kusoma. Baada ya kusikiliza akauliza swali moja tu: haya yameandikwa kwa ajili yetu au kwa ajili ya watu wa mjini?

Marselina akamwambia, kwa ajili yako.

Akaomba asomewe tena. Akasomewa.

Jumatano, 12 Februari

Naandika usiku.

Walifika saa tatu asubuhi. Wanaume wawili, vijana, wana viatu vizuri. Watu wakapangwa mstari, kila mtu achanjwe chale, anywe dawa yao. Nyumba tatu zikapekuliwa kwanza, za kujipasha moto nadhani. Halafu wakaelekea miambani. Kijiji kizima nyuma yao.

Mimi nilikuwa ofisini. Nilifunga mlango kwa ndani. Dirisha la ofisi linatazama njia ile.

Marselina alikuwa ameshapiga simu polisi tangu alfajiri, na mara ya pili, na mara ya tatu. Gari lilitoka, mvua imekata barabara, wakaanza kutembea kwa miguu.

Kilichotokea kule nimekisikia kwa Dorothy, kwa Marselina, na kwa upepo, maana sauti zilikuwa zinafika.

Walimkuta Vitalia mlangoni kwa bibi. Kasimama kaziba mlango, peke yake, bibi yuko ndani. Protasi akamwambia toka. Hakutoka. Akasema, Dorothy ameyashika neno kwa neno: "Watoto ni wangu. Waliokufa ni wangu, nimewazaa mimi. Sijamtuma mtu aniulie mtu. Huyu mama ana haki ya kuishi, na kama ana kosa apelekwe mahakamani." Wakamcheka. Akarudia. Wanawake wawili wa ile foleni ya kliniki wakatoka kwenye umati wakaenda kusimama naye. Halafu wa tatu. Dorothy anasema muda mrefu ulipita hivyo, nusu saa au zaidi, watu wanatazamana, wengine wakaanza kurudi nyumbani. Wale wa viatu vizuri wakawa wanaulizana kwa macho.

Nusu saa. Kutoka ofisini mpaka pale ni mwendo wa dakika saba.

Kisha Protasi akamvuta mke wake kwa nywele, na waliobaki wakaingia. Walitoa pembe ya uchawi kwenye nyasi za paa – walikuja nayo wenyewe, nani asiyejua. Bibi akatolewa nje. Sitaandika yote. Fito. Mawe. Kichanja chake cha kubanikia samaki kikavunjwa kikawashiwa moto, moto ukashika paa.

Polisi walifika saa nane na nusu, wamelowa mpaka kiunoni. Alikuwa bado anapumua. Alibebwa kwenye machela mpaka gari lilipokwama.

Nilifungua mlango wa ofisi niliposikia wanapita. Niliwasalimia askari. Nikawaambia mimi ndiye mtendaji.

Alhamisi, 13 Februari

Protasi kakamatwa, na wengine wanne. Lambalamba hawaonekani. Vitalia yuko kwa Marselina, jicho moja limefunga.

Mvua.

Jumamosi, 15 Februari

Bibi Scholastica amefariki hospitali, alfajiri. Notburga alikuwa naye. Nimempigia kumpa pole. Akaniuliza kama ni kweli mama yake alikuja ofisini kuomba msaada. Nikasema alikuja. Akauliza nilimwambia nini. Nikasema nilimshauri aende kwako. Akasema, "Hakuwa na simu, Mtendaji. Ungenipigia wewe ningekuja kumchukua."

Hata hilo halikunijia kichwani.

Jioni amekuja Joakim. Kakonda kwa siku tatu. Alikaa palepale kwenye gunia la mbegu. Anataka muhtasari wa Jumapili uandikwe upya: mkutano ulijadili barabara na maji tu. Barua ya mhuri, anasema, anayo yeye, ataichoma. Alisema tukikubaliana sisi wawili, hakuna karatasi itakayobaki ya kusema vinginevyo. Akasema pia kwamba hapati usingizi. Kwamba alidhani watamfukuza tu kijijini.

Nilimwuliza kama angejua sheria inasemaje angefanya tofauti. "Ungeniambia, Mtendaji," akasema. "Kazi ya kutuambia si ulipewa wewe?"

Muhtasari sijaubadilisha. Na sijamwambia kwamba sitaubadilisha.

Jumapili, 16 Februari

Sikwenda misa. Nimesikia Marselina amesoma tena, nje ya kanisa, kina mama thelathini na zaidi, na wanaume wachache kwa nyuma. Hakuna aliyecheka.

Jumanne, 18 Februari

Naandika haya nikiwa kituo cha polisi, kwenye benchi la korido. Saa nne asubuhi. Tumeitwa kuandikisha maelezo. Joakim yuko kushoto kwangu, kofia mkononi. Daftari la mihtasari liko mapajani mwangu, ukurasa wa tarehe tisa haujaguswa. Kalamu ni hii hii. Joakim anaitazama kila ninaponyanyua mkono; anadhani naandika anachotaka.

Ndani yuko Vitalia. Mlango hauna kitasa, unajifungua wenyewe. Kaongea kwa zaidi ya saa nzima, sauti ileile moja, haipandi haishuki. Askari amemwuliza mara mbili kama ana uhakika anataka kumtaja mume wake. Mara mbili kasema ndiyo.

Sasa amemaliza. Askari amemwambia aweke dole gumba hapa, mama, chini. Nasikia kopo la wino linafunguliwa.

Vitalia amesema, "Nisomee kwanza."

Askari amesema ni maneno yake mwenyewe, kayaandika kama alivyosema.

"Najua, afande. Sijui kusoma, ndiyo maana. Nina haki ya kusomewa kabla sijaweka kidole. Nisomee yote."

Kiti kimeburuzwa. Askari ameanza kusoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayesomea darasa. Korido nzima inasikia. Joakim ameacha kuzungusha kofia. Siku, tarehe, saa tatu asubuhi. Majina ya waliotangulia mbele. Mlango wa bibi. Nywele.

Anasoma sasa kwamba yeye Vitalia, alipokuwa anakwenda kule asubuhi ile, alipitia kwanza ofisi ya kijiji kuomba msaada. Kwamba alibisha. Kwamba alibisha tena. Kwamba mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, na dirishani aliona mtu, na mtu huyo alimwona, na anamfahamu kwa jina.

Askari amegeuza ukurasa.