Bangili Dirishani

Mtaa wa Sokoni,
Mbeya,
19 Agosti 1956

Dada yangu Mwanahawa,

Assalaam aleikum. Na shikamoo, dada. Naitanguliza mapema, maana ukifika mwisho wa barua hii huenda usitake tena kuniitikia.

Natumaini inakukuta mzima, wewe na mwanetu Chiku, na kwamba goti lako limetulia japo najua Iringa mwezi huu haina huruma na magoti ya watu. Sisi huku hatujambo. Baridi ya Mbeya imetukaba shingoni. Asubuhi dawa zangu za kusafishia picha zinaganda karibu ziwe barafu, nami inanibidi niweke chupa kwapani nikae nayo kama kuku anayeatamia. Tumbo langu, ambalo unalicheka kila nikija, lipo salama. Nywele ndizo zinazidi kuniaga. Jirani yangu Andendekisye, yule fundi baiskeli, anakusalimu sana na anauliza lini utamtumia tena asali.

Barua yako nimeipata. Umeniuliza kama nimesikia lolote kwa akina Matano huku Mbeya. Unasema mama yake, Bi Mwanakhamisi, alikuja Iringa mwezi wa tano na wanawake wenzake, akala pilau yako, akamtazama Chiku tangu utosini mpaka kisiginoni, akaondoka akisema mwezi wa sita wataleta barua ya posa. Sasa huu ni mwezi wa nane na wamenyamaza kimya. Chiku hasemi kitu ila amekonda. Wewe unajiuliza kama pilau ilizidi chumvi.

Dada, pilau haikuwa na kosa. Nitakueleza kosa liko wapi, ila nivumilie, maana unanijua mdogo wako: jambo zito siliingii mlangoni, lazima kwanza nizunguke nyuma ya nyumba.

Mwaka jana bwana mmoja Mzungu, mpima barabara, alihamishwa kutoka hapa. Siku ya kufunga mizigo akaniachia sanduku la magazeti ya picha, makubwa, karatasi zake zinateleza. Mle ndani mna picha za mabingwa wa huko Ulaya na Amerika ambao majina yao siwezi kuyatamka bila kuuma ulimi. Hawa hawapigi watu waliokaa kitini. Wanapiga watu njiani, wenyewe hawana habari: mtu anaruka dimbwi, watoto wanakimbia na mkate, kikongwe kakaa ngazini mwa kanisa kanyoosha mkono. Nikazitazama picha zile mpaka nikajiona mjinga. Miaka yote hii nimekuwa nikipiga watu walionyooka kama wanasubiri kupimwa koti.

Na kazi yangu unaijua. Mtu akija kupiga picha ya kupeleka kwao, haji na sura yake, anakuja na sura anayoitaka. Nachukua penseli, nachukua wembe, naiinamia filamu. Kovu linaondoka. Kiraka cha shati kinaondoka. Vijana wanaorudi kutoka kwenye dhahabu kule Chunya wanataka kalamu mfukoni na saa mkononi, nami nawavalisha. Hakuna anayeniuliza saa hiyo inasema saa ngapi.

Basi nikaamua na mimi niwe bingwa wa njiani. Dada, ungeniona ungecheka mpaka ukae chini. Nilikuwa najificha nyuma ya mizigo sokoni, tumbo linatangulia kutokeza. Kila nikiinua kamera watu wanakauka. Wanawake wa Kisafwa wanatua matenga ya viazi, wanajipanga mstari, mikono mapajani. Mzee mmoja alinikimbilia akitaka nimngoje akavae viatu. Andendekisye akawa ananitangazia kwa sauti kwamba jamani jihadharini, Fundi Makame siku hizi anawinda watu, na windo lake la leo limekimbia. Picha ya kweli sikupata hata moja.

Ndipo mwezi wa nne nikaja kwako.

Unakumbuka nilikuletea mkungu wa ndizi za Tukuyu, na ukanilaumu kwamba zimepondeka upande mmoja. Nikakwambia ni barabara. Haikuwa barabara. Niliposhuka basi nilipitia sokoni, nikakuona. Ulikuwa umechuchumaa mbele ya gunia la Severina, yule mama wa Kilolo anayekuuzia maharage ya duka. Umeinama, kanga imekufunika kichwa mpaka nusu ya uso, umenyoosha kiganja, naye Severina anakumiminia maharage ya kuonja uyapulize vumbi na kutazama kama yamebunguliwa. Hujaniona. Wewe ukiwa unapatana bei huoni mtu hata angekuwa amebeba nyumba. Kumbe katika Tanganyika nzima, mtu pekee asiyejipanga mbele ya kamera yangu ni dada yangu. Nikaubwaga mkungu chini, nikapiga.

Sikukuamkia kwanza. Nilikupiga picha, nikatoka kwa upande wa pili, nikajifanya ndiyo kwanza nafika. Jioni nikala kwako, ukaniongezea nyama, sikusema neno.

Niliporudi Mbeya na kuisafisha ile filamu, nikaona ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Lakini haikufanana na za mabingwa. Ilikuwa na mambo mengi. Basi nikaifungua ile ya kikongwe wa ngazini, nikaiweka pembeni ya yako, nikaanza kukufananisha naye. Kwenye karatasi nikamkata Severina, ukabaki mkono wake tu unaodondosha kitu. Nikalikata gunia. Nikachukua penseli, juu ya filamu nikayafuta maharage kiganjani mwako, nikabakiza moja, nikaling'arisha likawa kama senti. Halafu nikachukua wembe. Dada, hapa nimeiweka kalamu chini, ndiyo kwanza naishika tena. Nikachukua wembe nikakwangua filamu begani, nikakutobolea kanga.

Ninaondoa viraka na matundu ya nguo za watu kila siku ya Mungu. Hilo ndilo tundu la kwanza nililowahi kuliweka, na nikaliweka kwako.

Nilijiambia nani atakujua, uso umeinama, na Iringa ni mbali. Mwezi wa sita yakaja maonyesho ya wilaya, kukawa na banda la picha. Nikaipeleka. Waliponiuliza inaitwaje, nikasema inaitwa Mwombaji. Mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa akichagua mshindi alisimama mbele yake muda mrefu, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akanipa kikombe. Nikakitembeza kikombe mtaani kama mtoto wa kutahiriwa. Andendekisye akasema sasa nimekuwa bingwa, nibadilishe na kofia. Picha nikaitundika dirishani mwa studio, mbele kabisa, kikombe chini yake.

Bi Mwanakhamisi akaja na wajukuu kupiga picha. Alikwisha kupita mlango, akarudi nje, akasimama dirishani. Kumbe mimi fundi wa kufuta vyote nilisahau kufuta bangili. Ile ya fedha ya marehemu mama, yenye kifundo, ambayo huivui hata ukiosha vyombo. Pengine sikuisahau, pengine niliiacha kwa sababu iling'aa vizuri. Mzungu alitazama picha akaona maskini. Bi Mwanakhamisi alitazama akaona bangili iliyompakulia pilau.

Akaingia, akaniuliza kwa upole, tena kwa sauti ya chini wajukuu wasisikie, kama yule si Mwanahawa, dada yangu, mama yake Chiku.

Hapo ndipo nilipofika, dada, na ndiyo sababu ya kuzunguka nyumba nzima. Ningesema ndiyo, ni yeye, ananunua maharage, mimi ndiye mpumbavu, pangekuwa na kicheko na soda. Lakini studio ilikuwa na watu, na kikombe kilikuwa dirishani. Nikatazama picha yako kama mtu anayetazama ya mgeni. Nikasema hapana, mama, huyo simjui, ni mwanamke wa njiani tu.

Akanitazama kidogo. Akasema haya. Akawakalisha wajukuu, nikawapiga, wakaenda zao. Tangu siku ile hakukanyaga tena dukani kwangu, na kwako hakukuja barua.

Nikakaa na hilo. Nikasikia maneno yanapita mtaani kwamba Iringa kuna mjane ambaye mchana anaomba sokoni na usiku anawapikia wageni pilau. Sikuyakata. Nilikuwa nainamia taa yangu najifanya nina kazi. Kilichoniinua ni barua yako, pale unapojilaumu kwa chumvi.

Juzi nikaiondoa picha dirishani. Nikaichukua filamu nikaiosha ili nikusafishie picha nzima, bila kukata kitu. Penseli ilitoka. Maharage yalirudi, Severina alirudi na gunia lake. Ila wembe hautoki. Ukiikwangua filamu umeikwangua. Tundu la begani limebaki, na litabaki katika kila picha itakayotoka humo mpaka kiama.

Nikaibeba nyumbani kwa Bi Mwanakhamisi, nikamweleza yote, kofia mkononi. Alisikiliza huku anachambua mchele, hakuinua kichwa. Halafu akaitazama picha, akasema atajuaje kwamba hii nayo sijaichezea, maana mimi ndiye niliyemvalisha Matano saa katika ile picha waliyowaletea ninyi. (Ni kweli, dada. Mwambie Chiku ile saa ni penseli. Kijana mwenyewe ni wa kweli, na ana moyo mzuri, ila saa hana.)

Ndipo akaniambia neno ambalo nakuletea kama nilivyolipokea. Alisema hata yeye aliwahi kuuza vitumbua barazani watoto wakiwa wadogo, na kwamba angemchukua binti wa mwombaji bila kupepesa jicho. Hakunyamaza kwa sababu ya mkono ulionyooshwa. Alinijua tangu siku ile kwamba nasema uongo. Alinyamaza kwa sababu mimi ndiye mjomba, mimi ndiye ningekaa mkekani kuipokea posa, naye alijiuliza, ikiwa mtu mzima na tumbo lake anamkana dada yake kwa ajili ya kikombe, siku ndoa ya vijana ikipata mtikisiko atasimama upande gani.

Nikaweka kofia chini, nikamsaidia kuchambua mchele.

Mwishowe akasema atakuja Iringa Alhamisi ijayo kwa basi. Hataki picha, hataki maelezo yangu. Anataka kuongea na wewe mwenyewe, na anataka wewe uwe umekwisha kujua kabla hajafika, usije ukayasikia kwa mgeni. Ndiyo maana naandika. Ameniambia pia kwamba posa haitakuja mikononi mwangu mpaka wewe useme mimi bado ni wako. Ukisema hapana, ataileta kwa mzee mwingine utakayemtaja, wala hatakulaumu. Kwa hiyo usiogope kwa ajili ya Chiku. Mambo ya Chiku yamekwisha kutoka mikononi mwangu, na ni heri. Yaliyobaki ni yangu.

Mimi nitakuwa kwenye basi hilohilo, viti vya nyuma. Nitaleta mkungu wa ndizi, na safari hii nitaupakata. Lakini sitakuja nyumbani. Nitakaa pale stendi, kwenye ukuta. Ukimtuma mtu kunichukua, nitakuja, na utakaloniambia nitalipokea nimesimama. Usipomtuma, nitapanda basi la kurudi, na ndizi nitamwachia Severina akupe, useme umezinunua.

Ndani ya bahasha utaikuta ile picha nzima. Bega lako usilitazame, lile tundu ni langu, kanga yako ni nzima. Tazama upande wa kushoto. Sikuwahi kumtazama vizuri Severina, nilikuwa na haraka ya kumkata. Anacheka, dada. Anacheka mdomo wote, mpaka machozi, karibu alimwage kopo la maharage. Na nikikutazama wewe tena, chini ya ile kanga, naona shavu limepanda. Ulikuwa umemwambia kitu. Ulikuwa unamtania, vile unavyonitania mimi.

Miezi yote hii watu wamesimama dirishani kwangu kukusikitikia, kumbe wewe ulikuwa unachekesha watu. Ningependa kujua ulimwambia nini. Nikipata ruhusa ya kukuuliza, nitakuuliza.

Nisalimie Chiku kwa mapenzi. Nisalimie majirani wote wa mtaa wako ambao bado wanaweza kupokea salamu zangu. Mungu akuafu goti na akupe subira ya kuwa na ndugu kama mimi.

Ni mimi mdogo wako, nikujuaye,

Makame