Mchele Chini ya Mvule

Mjukuu wangu Tumaini,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Michenga hatujambo, na mpunga umeshaingia ndani.

Unauliza kwa nini tusiuuze ule mvule wa mpakani kabla jirani hajatuwahi. Serikali imekataza kuukata, ila mimi nina sababu yangu.

Nikiwa msichana, baba yangu na baba wa jirani waliugombea, wakapiga vigingi. Kabla ya hapo, kila mavuno nyumba zetu mbili zilikuwa zikiweka pamoja mchele mpya chini yake, fungu moja. Mwaka ule kila nyumba ikaweka lake, upande wake. Asubuhi tulikuta fungu moja katikati, na vumbini hapakuwa na unyayo. Baba aling'oa vigingi.

Jana jioni, barua yako ikiwa mfukoni, niliweka fungu moja la nyumba zote mbili, kama kawaida. Leo nimekuta mawili, kila moja upande wake.

Bibi yako