Blogu ya Mama Uliyoifuta

Mpendwa kaka Amani,

Sikuandikii kwa simu, maana ujumbe wa simu ungeusoma peke yako na kuufuta. Nakuandikia hapa, kwenye tovuti ya kikundi cha sabuni cha akina mama wa Rubondo, kambi ya Nakivale, ambapo yeyote anaweza kusoma, kuanzia wateja wetu wa Mbarara mpaka majirani zako wapya huko kwenye baridi. Nina hasira na wewe, na sitajifanya sina kwa sababu tu uko mbali.

Unakumbuka tovuti hii ilivyoanza? Ulikuwa umemaliza mafunzo ya kompyuta, unatembea Rubondo nzima kama mtu aliyepewa cheo. Mama na wenzake walikuwa wakipika sabuni nyuma ya kanisa, na wewe ukasema watu wa mjini hawatajua kuna sabuni kambini kama hawana pa kuiona. Ukatengeneza kurasa tatu: Mwanzo, Bidhaa na Mawasiliano. Ukapiga picha ya vipande vya sabuni juu ya kitenge cha Mama. Tulifurahi sana, kisha hakuna mnunuzi aliyekuja.

Ndipo tukaenda Mbarara kwa yule mwalimu wako wa kompyuta, Munyankore, mwenyeji wa huko, mpole asiyependa kuinua sauti. Alizipitia kurasa zote tatu na kutikisa kichwa. "Nyinyi watu, hii website yenu imelala," akasema. "Leo iko hivi, mwaka ujao iko hivi hivi. Mtu atarudi kuona nini?" Akatueleza kwamba blogu si tovuti nyingine, ni sehemu ndani ya hii hii tuliyonayo, inayoongezewa makala mpya kila mara. Makala mpya inakaa juu, za zamani zinasukumwa chini lakini hazipotei. Kila moja ina tarehe, jina la mwandishi na anwani yake, kwa hiyo mtu anayetafuta habari za sabuni kwenye simu yake anaweza kuiangukia moja kwa moja bila kupitia ukurasa wa Mwanzo.

Kuiongeza hakukuwa na ugumu wowote. Ulifungua ukurasa mtupu, ukauita Blogu, ukauelekeza mfumo utoe makala zote humo, ukaliweka jina lake kwenye menyu karibu na Bidhaa. Chai yangu ilikuwa haijapoa. Mwishoni ukatufungulia akaunti. Wewe ukawa msimamizi, mimi mwandishi. Mwandishi anaandika na kutengeneza makala zake, msimamizi anaweza kuondoa chochote cha yeyote. Wewe ndiye mkubwa, sikuona cha kuuliza.

Mama alisema, mimi nikaandika. Alianza na jinsi ya kuyatambua mafuta ya mawese yaliyochanganywa na maji, akaenda kwenye soko la Uvira, kwetu Kongo, enzi za usichana wake, akafika kwa marehemu Baba na sauti yake mbovu iliyokuwa ikiharibu kwaya nzima. Na kila makala aliianza kama anatoa ushuhuda kanisani: "Bwana asifiwe. Miye ni Mama Amani, niko na batoto babili, Amani na Furaha." Nilimwambia si lazima, jina la mwandishi linatokea lenyewe juu. Akaniangalia kama nimemtukana. "Mutu hawezi simama mbele ya batu bila kusema yeye ni nani na batoto bake ni nani." Wewe ulicheka mpaka ukakaa juu ya jerikeni. Ukasema hiyo si blogu, ni ibada.

Lakini ilifanya kazi. Muuza maziwa mmoja wa Bwizibwera aliisoma, akaandika chini yake kuuliza kama sabuni yetu inaondoa harufu kwenye madebe ya maziwa. Akawa mteja, akaleta na wenzake. Mama alitaka tumsomee ujumbe ule kila mgeni alipoingia nyumbani. Hata majibu aliyomtumia yule bwana yalianza na Bwana asifiwe, na majina yetu sisi wawili.

Sasa nitasema jambo ambalo nyumbani kwetu tulilizunguka miaka yote. Ulifika Uganda kabla yetu, peke yako, ukiamini tumekufa njiani. Ukawaambia walioandikisha wakimbizi kwamba huna mama, huna dada. Hilo sikulaumu, ungesema nini kingine? Lakini tulifika, kaka. Mama alikukumbatia hapa Rubondo akilia, majirani wakatoka nje kutazama. Ukasema utakwenda kurekebisha kesi yako, faili lako la ukimbizi, tuandikwe humo. Tulipokuuliza, jibu lilikuwa wiki ijayo. Wengine walikwenda wakarekebisha. Walicheleweshwa, ni kweli, ila walikwenda.

Mama akafa, bado wiki ijayo haijafika. Halafu kesi yako ikasogea, ukaitwa kwenye interview ya kupelekwa nchi ya nje, ukasafiri. Nilikusindikiza mpaka kwenye basi. Ulipofika huko ulinitumia neno la siri la tovuti na maneno mawili matatu kwamba sasa ni yangu, niitunze. Nilidhani umenipa urithi.

Tangu mazishi sikuwa nimeifungua blogu, kwa sababu sikuweza. Ulipolituma hilo neno nilijikaza. Nilikwenda Mbarara, nikakaa mbele ya kompyuta nikiwa nimejiandaa kulia, nikabonyeza Blogu. Menyu ulikuwa umeiacha, ukurasa umeuacha, na katikati palikuwa na maneno mawili: Hakuna kilichopatikana. Nikatafuta kwenye kapu la taka, maana kinachofutwa hukaa humo kwanza na kinaweza kurudishwa. Kapu lilikuwa tupu. Mtu anaweza kufuta makala kwa bahati mbaya. Kumwaga kapu ni kazi nyingine, mfumo wenyewe unakuuliza kwanza kama una uhakika.

Nilikupigia nikiomba Mungu useme tumeingiliwa na wezi. Ukasema:

"Furaha, bale ba interview banaangaliaka internet. Mu kesi yangu sina dada."

Hukupandisha sauti. Ulisema kama mtu anayenieleza njia ya kwenda sokoni. Nilikata simu.

Nimeifikiria hofu yako tangu siku ile, na ninaielewa kuliko unavyodhani. Hapa Nakivale nani asiyeijua hofu ya interview? Mama alikutaja kwenye kila makala na akanitaja mimi baada yako, kwa hiyo hukuweza kufuta moja ukaacha nyingine. Haya. Lakini ungeniita pembeni. Ungesema, dada, nakili maneno ya Mama kwa mkono, kisha tuyaondoe. Ningeyaondoa mwenyewe ili upate kwenda. Hukuniuliza, na hapo ndipo panaponichoma. Mara ya kwanza ulisema nimekufa kwa sababu hukujua. Mara hii ulikuwa umekula ugali niliousonga.

Najaribu kuziandika upya. Za sabuni nazikumbuka, kwa sababu kazi ile naifanya kila siku. Ile ya Baba na kwaya imenitoka. Nakumbuka tu kwamba Mama alicheka tulipofika katikati, na sikumbuki alichekea nini. Hakuna mwingine wa kumuuliza.

Ukurasa wako wa Blogu nimeuondoa. Nimeongeza mwingine, nikauweka kwenye menyu mahali pake, na barua hii ndiyo makala yake ya kwanza. Chini ya kila makala kuna nafasi ya maoni. Msomaji akiandika, maneno yake hayatokei hapo hapo. Yananijia mimi kwanza, nikiyakubali ndipo watu wote wanayaona.

Kwa hiyo andika, Amani. Usiniombe msamaha, usinieleze habari za huko. Weka jina lako, kisha useme wewe ni nani kwangu. Hilo nitalipitisha siku hiyo hiyo. Lingine lolote nitalifuta, na kapu nitalimwaga.

Kaa salama, uvae nguo nzito.

Mimi dada yako, tumbo moja,
Furaha