Bomba la Moshi na Kalenda ya Baba

Luka mwanangu,

Umetoka umenuna, na mama yako anakwenda kanisani, ni zamu yake ya kufagia. Uji umefunikwa jikoni. Usiunywee kwenye meza ya kulehemu, risasi ya kulehemia si sukari.

Bomba lako la mikebe ya samli linafanya kazi. Ulipowasha kibatari ndani yake asubuhi ili joto livute hewa, mama yako aliuona moshi wa kulehemu ukivutwa kama uzi, kisha ukarudi chumbani kwa kukosa pa kutokea. Hata jirani Sakinabai kachungulia: "Mama Luka, mwanao anaunda meli?"

~~Ukuta usitoboe, dirisha lipo.~~ Dirisha liko mbali na meza, hapo ulisema kweli. Lakini ulipotaka kutoboa pale penye kalenda ya marehemu, hukupaswa kusema kwamba kalenda ya miaka minne iliyopita haina kazi. Inayo. Ina siku aliyolala baba yako, na mama yako huitazama kila alfajiri, maana saa ile hana mwingine wa kusalimiana naye.

Ila leo katikati ya sala ya alfajiri alikusikia ukikohoa. Kikohozi kile anakijua. Baba yako naye alilehemu taa za watu hivyo hivyo, kaziinamia, moshi wote usoni.

Kalenda nimeitoa mwenyewe, nimeikunja ndani ya Biblia. Msumari nimeuacha ukutani. Toboa hapo hapo, leo hii, kabla sijarudi.

Mama