Mama, Nimechoma Muhogo Wako

Mama yangu kipenzi,

Nimechoma shamba lako. Nakuambia mwenyewe kabla shangazi hajakufikishia, maana ameshaapa kwamba kila akisali ananishtaki kwako. Nimeng'oa muhogo wote wa bondeni, nikauacha ukauke juani, kisha nikautia moto asubuhi kweupe, majirani wakitazama. Msamaha siombi.

Nakumbuka ulivyokuwa ukimenya. Unakaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, mimi nakusogezea beseni. Shambani majani ya kijani kabisa, lakini kisu kikipita katikati ya muhogo unakuta kahawia, pamekauka kama gome. Unakata, unatupa. Unakata tena. "Palipobaki panaliwa, mwana wanje," yaani mwanangu, ulikuwa ukisema, na palipobaki ukapavundika, ukapaanika, tukala ugali. Nilipokuwa mdogo ulitupa kidogo. Nilipofika umri wa kumenya nawe, rundo la kutupa lilikuwa limelingana na la kula. Nikakuuliza mbona hivi. "Ni Imana," ukanijibu, yaani Mungu ndiye kapanga, ukaendelea kukata.

Unamkumbuka bwana shamba, yule kijana wa pikipiki? Alituambia ugonjwa umo ndani ya miti yenyewe tunayoikata na kuipanda upya, tuing'oe yote, tuchome, tutafute mbegu safi. Ulimsikiliza kwa heshima zote, ukampa mahindi ya kuchoma, ukamsindikiza mpaka njiani. Alipopotea tu kwenye kona ukasema, "Mtoto wa watu, hajawahi kulala njaa huyo." Tulicheka sana. Kesho yake tukapanda miti ile ile, na iliyozidi ukawagawia majirani, kwa sababu kwetu jirani hanyimwi mbegu ya muhogo. Kwa wema wako huo huo bonde zima likaoza, Mama. Inaniuma kulisema, lakini nalisema.

Sikatai, uvumilivu wako ndio ulionilea. Ila nilipomenya mavuno ya kwanza baada ya kukuzika, binti yangu alikuwa amekaa pale pale nilipokuwa nakaa mimi, ananisogezea beseni. Nikakata, nikatupa, nikakata, nikatupa. Mdomo ukafunguka wenyewe kutaka kumwambia palipobaki panaliwa. Nikaufunga. Huyu hapana. Huyu simfundishi kuzoea.

Ndipo nikaenda Kasulu kwa wakulima wa mbegu safi, nikarudi Kibondo na mizigo ya miti juu ya basi, abiria wakinitania kwamba nimesafiri kote huko kufuata kuni. Shangazi alinikuta nachoma. Unamjua wifi yako, hana sauti ya chini.

"Weye! Udongo wa kaburi la mama yako haujakaa sawa, unachoma alichokuachia?"

"Alichoniachia kimeoza, shangazi."

"Kimeoza, kimeoza! Na hiyo ya Kasulu ikikataa, watoto utawapa nini?"

Hapo alinipata. Msimu huu tunakula mahindi na maharage, na hayatatufikisha mbali. Muhogo huu ukikataa wanangu watalala njaa, na shangazi atakuwa amesema kweli mbele ya kijiji kizima. Nikaendelea kusukumia miti motoni. Akazidi kupandwa na hasira.

"Mmefanana! Na yeye alikuja kuolewa hapa na mzigo wake wa miti kichwani kutoka Mabamba. Hajakaa hata mwezi, akang'oa muhogo wote wa mama yangu, eti hauzai. Mama alilia! Tulimwita mharibifu."

"Na huo wa Mabamba ndio mmeula miaka yote hii, shangazi?"

Akanyamaza. Shangazi, Mama! Akanyamaza.

Ulinisimulia mara ngapi habari za mzigo ule? Jinsi ulivyokuumiza shingo, jinsi ulivyokataa kupokewa njia nzima kwa kuogopa wasije wakautupa. Hukuwahi kuniambia uliupanda mahali pa muhogo wa nani. Miaka yote nilidhani umezaliwa mvumilivu. Kumbe ulichoka tu, na mimi nilikukuta umeshachoka. Nililia pale pale kwenye moshi, kwa hasira na kwa furaha, siwezi kuzitenganisha.

Miti ya Kasulu imeshachipua. Majani ni mazuri, lakini wewe na mimi tunayajua majani. Chini kukoje sitajua mpaka siku ya kung'oa. Siku hiyo nitakaa kwenye kigoda chako, nimwite shangazi akae karibu, nikate. Kisu kikikuta kweupe, yeye ndiye wa kwanza kupewa mbegu. Kikikuta kahawia, nitang'oa tena na kuchoma tena, na aseme anavyotaka.

Pumzika, Mama. Safari hii kubali kupokewa mzigo.

Ni mimi mwanao,
mharibifu wa pili.