Garaji Isiyo na Gari

Mjukuu wangu Neema,

Nakusalimu wewe na masomo yako ya kuchora nyumba huko Bukavu. Sisi hapa Baraka tuko wazima. Shangazi yako amerudi toka Kazimia na ndagala, dagaa wa ziwa letu, na nyumba nzima inanuka utajiri.

Unauliza kwa nini plani ya nyumba yetu imeandikwa "garaji" pale tunapokulia chakula, wakati ukoo huu haujapata kuwa na gari. Niliichora mimi, ujanani, kwa rula ya seremala. Bila muhuri wa komini, ofisi ya serikali ya hapa, tusingeweza kujenga. Baba alitaka mbele kuwe na lubunga, ile baraza ya wazi yetu sisi Wabembe ambamo wanaume hula pamoja na kusikiliza mashauri. Karani wa komini akairudisha plani.

"Kitu bila ukuta haiko chumba. Uitoshe, uifute."

Baba akasema, "Nyumba bila lubunga ni stoo. Sijengi."

Basi nikafuta "lubunga", nikaandika "garaji". Karani akapiga muhuri bila kuinua macho.

Nyumba ilipokwisha, alikuja kukagua, akakuta wazee wamezunguka sahani ya ugali wa muhogo.

"Motokari iko wapi?"

Baba akamsogezea kiti. "Iko mu njia. Ikala hapa, tuingojee."

Akakaa, akala. Jumapili iliyofuata akarudi kuuliza kama imefika. Aliingojea hivyo mpaka uzeeni, na mashauri mengi ya mtaa huu yeye ndiye aliyeyasuluhisha.

Siku hizi kiti chake nakikalia mimi. Ukija likizo leta rula yako, lakini kwanza ukae, tuingojee pamoja.

Babu yako